Hofu ya angani: mwanafunzi wa urubani asiifiche

Wakaazi wa Voi tumezoea mngurumo wa ndege ndogo. Zinapita juu ya mji asubuhi zikielekea Tsavo, nyingine zimebeba watalii, nyingine ni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) zikisaka majangili au kuhesabu ndovu. Watoto wakizisikia hutoka mbio uani na kuzipungia mikono. Wachache kati yao hukua wakisema: mimi nataka kukaa mle ndani, tena mbele, penye usukani.

Makala haya ni ya hao wachache, na ya wazazi wanaowalipia karo.

Tuchukue mfano wa binti wa Mwatate. Kipande cha shamba kimeuzwa, mjomba aliye Mombasa ametoa akiba yake, na kwenye kundi la familia la WhatsApp tayari anaitwa Kapteni. Sasa yuko katika somo la sita. Usiku wa kuamkia somo halali. Asubuhi tumbo linamkata. Angani, ndege ikiyumba kidogo tu, viganja vinalowa jasho, moyo unakwenda mbio, na sauti ya mkufunzi anaisikia kama inatoka mbali. Wakitua anaulizwa kama yuko sawa, naye anajibu, "Niko sawa." Atamwambia nani kwamba Kapteni anaogopa ndege?

Jibu langu ni kwamba amwambie mkufunzi wake, na amwambie kabla ya somo la saba. Hofu kwa mwanafunzi wa urubani ni jambo la kawaida, na mara nyingi hupungua ikishughulikiwa. Kuificha ndiko kunakomponza. Mkufunzi asiyejua hofu hiyo hudhani mwanafunzi hajaelewa somo, kwa hiyo analirudia vilevile, na kila saa inayorudiwa ni pesa za yule mjomba. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Mwili unafanya nini

Mtu akihisi hatari, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, pumzi huwa fupi fupi. Yote hayo humfaa anayemkimbia nyati kichakani. Hayamfai aliyefungwa mkanda kitini, anayetakiwa kugusa usukani kwa wepesi na kusikiliza redio.

Pumzi ndiyo ya kuangalia kwanza. Anayehema haraka haraka hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi kuliko inavyotakiwa. Ikipungua kwenye damu, huja kizunguzungu, vidole na midomo hufa ganzi, na kifua huhisi kama kimebanwa. Mwanafunzi akiona dalili hizo hudhani anazirai, anaogopa zaidi, anahema zaidi. Huo ndio mzunguko unaowafanya wengi waamini kwamba "hawakuumbiwa" kuruka.

Jambo la pili ni macho. Mwenye hofu hukodolea kitu kimoja: saa ya kasi, au bawa, au ardhi. Anasahau upeo wa macho nje ya dirisha, na huo ndio unaomwonyesha kama ndege imelala sawa. Ndege ikianza kupinda bila yeye kujua, anashtuka, anavuta usukani kwa nguvu, na mtikisiko anaousababisha mwenyewe anaudhania ni wa hewa.

Hewa ya Voi saa saba mchana

Sehemu kubwa ya hofu ni ya kitu kisichoeleweka, na hewa ya kwetu inaeleweka vizuri.

Jua la Tsavo hupasha udongo mwekundu ulio wazi upesi kuliko kichaka au ukingo wa mto. Hewa iliyo juu ya udongo huo hupata moto na kupanda, na ya pembeni hushuka kuchukua nafasi yake. Ndege ndogo ikikatiza hapo huinuliwa, kisha huteremshwa. Ongeza upepo unaopiga milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kinapita mita 2,200, pamoja na Sagala na Kasigau. Upande wa pili wa mlima, usiopigwa na upepo, hewa huvurugika kama maji yaliyopita mwamba.

Kwa hiyo mtikisiko wa mchana hauna maana kwamba ndege inavunjika. Ndege ya kawaida ya mafunzo hujengwa kustahimili nguvu ya angalau mara 3.8 ya uzito wake, na juu ya kiwango hicho huwekwa akiba ya nusu nzima. Rubani anachotakiwa kufanya ni kupunguza kasi hadi ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege kwa ajili ya hewa chafu, na kuishika ndege ikae sawa. Watu wa Pwani hili halitupigi chenga. Nahodha hapigani na kila wimbi. Huacha chombo kipande na kishuke, yeye analinda mwelekeo.

Lipo na jambo la joto. Voi iko karibu futi 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu za urubani, hewa ya kimo hicho inatarajiwa kuwa na nyuzi 11 hivi za selisiasi. Mchana ikifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hufanya kazi kama iliyo zaidi ya futi 4,000 juu. Injini hupoteza nguvu, bawa hubeba kwa shida, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa. Mwanafunzi aliyejifunzia Malindi au Mombasa, karibu na usawa wa bahari, akiona ndege inasita kuinuka anaweza kudhani kuna hitilafu. Aliyepiga hesabu kabla hajapanda huwa ameshaitarajia hali hiyo.

Ndiyo maana mwenye wahaka aombe masomo ya mwanzo yawekwe mapema asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu, hewa ikiwa bado imetulia. Huko si kukwepa. Baadaye, kwa makubaliano na mkufunzi, asogeze somo hadi saa nne, kisha saa tano, mwili uzoee kidogo kidogo.

La kufanya kabla na ndani ya ndege

Kwanza, ruka ukiwa kitini nyumbani. Kaa, fumba macho, pitia somo zima kwa mikono na kwa sauti, tangu kuwasha injini hadi kuizima. Tamka maneno utakayosema kwenye redio. Ukifanya hivyo mara tatu usiku, asubuhi akili itakuwa na kazi chache mpya.

Pili, shughulikia pumzi. Vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita, mara tano. Fanya kabla ya kupanda, na tena ukiwa umesimama kwenye mwanzo wa barabara ya kurukia.

Tatu, legeza mkono. Shika usukani kwa vidole viwili na gumba, chezesha vidole vya miguu ndani ya viatu. Ndege iliyorekebishwa vizuri huruka yenyewe kwa muda mrefu. Mwombe mkufunzi akuonyeshe hilo kwa kuachia usukani mbele ya macho yako.

Nne, mambo yakikuzidi, fuata mpangilio ambao marubani duniani kote hufundishwa: kwanza irushe ndege, kisha jua unakokwenda, mwisho ndipo uongee. Mnara ukikuita nawe bado unaisawazisha ndege, unaweza kuomba wasubiri.

Tano, itaje hofu kwa jina lake. "Naogopa" haimsaidii mkufunzi. "Naogopa injini ikizima" inamsaidia, kwa sababu hilo linaonyeshwa. Cessna 172 ikizimikiwa na injini futi 5,000 juu ya ardhi, bila upepo, inaweza kuteleza zaidi ya kilomita 13. Mkufunzi atapunguza nguvu ya injini hadi mwisho, nawe uone kwa macho kwamba ndege haianguki kama jiwe, na kwamba muda wa kuchagua pa kutua upo. Ni hivyo hivyo kwa anayeogopa bawa kuishiwa na uwezo wa kubeba. Zoezi hilo hufanywa juu sana, hatua kwa hatua, na mwanafunzi ana haki ya kuomba lianze polepole.

Sita, angalia unachoingiza mwilini. Kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu na muguka huongeza mapigo ya moyo na kutetemeka, nawe utadhani ni hofu. Anayefunga Ramadhani amwambie mkufunzi mapema, na apangiwe masomo ya asubuhi, muda si mrefu baada ya daku, kabla kiu na njaa havijampunguzia umakini. Tena usimeze dawa ya kutuliza wasiwasi uliyopewa na rafiki au kuinunua dukani. Dawa hizo huleta usingizi na kuchelewesha maamuzi, kama zifanyavyo baadhi ya tembe za mafua na mzio. Dawa yoyote ipite kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa kupima marubani.

Hofu ya kusikilizwa

Si kila hofu ni ya kutulizwa. Nyingine imebeba habari.

Voi ina kumbukumbu yake. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani Mwingereza ambaye wengi wanamjua kupitia kitabu cha Karen Blixen, Out of Africa, alipaa kutoka hapa kwa ndege yake ya Gipsy Moth. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka na kuwaka moto. Alikufa yeye na mtumishi wake, Kamau, ambaye simulizi nyingi humtaja kwa jina moja na kupita. Beryl Markham alikuwa amealikwa katika safari hiyo. Ameandika kwamba mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alimsihi asiende siku ile, naye akabaki. Septemba 1936 mwanamke huyo alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada.

Sisemi kwamba tutabiriwe ajali na ndoto. Ninachosema ni kwamba kuahirisha safari hakukumfanya Markham mwoga. Wazee wetu walishasema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Utazitofautishaje hofu hizi mbili? Jiulize: naogopa nini hasa? Jibu likiwa kitu kinachopimika, kama wingu lililofunika Vuria, mafuta yasiyotosha, upepo wa ubavuni uliozidi uwezo wako, au usiku mzima bila usingizi, basi hiyo ni habari, na uamuzi ni kutoruka au kubadili mpango. Jibu likiwa "nitaonekana mjinga" au "itatokea tu", rudi kwenye pumzi, mkono na mpangilio wa kazi.

Hesabu ya saa isikutishe. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka anayeomba leseni ya rubani binafsi awe na umri wa angalau miaka 17 na, kwa kawaida, saa 40 za kuruka, 10 kati yake akiwa peke yake. Havisemi ni somo la ngapi utakaporuka peke yako kwa mara ya kwanza. Hilo ni la mkufunzi kuridhika, na kwako kuwa tayari. Mwenzako akitangulia, hajakuchukulia leseni yako.

Kwa wazazi, na kwa anayezidiwa

Wahaka ukifika nje ya ndege, ukakunyima usingizi kwa wiki kadhaa, ukakufanya ukimbie masomo au kushikwa na hofu ya ghafla hata ukiwa kwenye matatu, hilo limepita uwezo wa mkufunzi. Mwone mshauri wa kisaikolojia au daktari. Wengi hukaa kimya wakiogopa kunyimwa cheti cha afya cha urubani. Lakini tatizo lililosemwa mapema ndilo lenye nafasi kubwa ya kutibiwa, na lililofichwa linaweza kujitokeza siku uko peke yako juu ya Tsavo.

Wapo pia watakaojaribu yote haya na kuona kwamba kazi hii si yao. Wasichekwe. Urubani una kazi nyingi za ardhini, kuanzia ufundi wa injini hadi kuongoza ndege kutoka mnarani.

Na wewe mzazi, au mjomba uliyetoa akiba, jina la Kapteni si baya, lakini lisiwe mzigo. Mtoto akipiga simu jioni, usianze na "utamaliza lini?" Muulize leo angani palikuwaje. Akisema aliogopa, mwache amalize kusimulia.