Mwandishi wa Habari, Picha ya Simu na Kivuli cha Jua

Mitandao ya kijamii ni njia za mawasiliano ya intaneti zinazomwezesha kila mwenye simu kupeleka maneno, sauti na picha kwa watu wengi kwa mara moja. Mjini Songea, ulio zaidi ya kilometa 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, faida yake huonekana upesi. Mwandishi wa habari aliyeko huko hupata fununu kutoka Tunduru, Mbinga au Nyasa kupitia kikundi cha WhatsApp, na baada ya dakika chache mhariri wake ameipata picha.

Lakini fununu si habari. Picha iliyopigwa nchi nyingine, au miaka mitano iliyopita, yaweza kuenezwa kana kwamba ni ya Songea leo, na mtu asiye na hatia akashambuliwa kwa ajili yake. Tena, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatoa adhabu kwa anayechapisha uongo ili kupotosha watu. Basi kazi iliyo kubwa zaidi ya mwandishi mtandaoni ni kuhakiki.

Je, huhakiki vipi? Picha ya kidijiti huhifadhi ndani yake tarehe, na pengine hata mahali ilipopigwa. Lakini ikipelekwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maelezo hayo huondolewa. Hapo mwandishi hana budi kuisoma picha yenyewe. Kibao cha gari la kawaida la Kenya huanza na herufi K, na cha Tanzania herufi T. Safu ya vilima huwa na umbo lake, na mtu aijuaye milima ya Matogoro hataichanganya na nyingine.

Mfano mashuhuri ulitokea mwaka 2018. Ilienea video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, na serikali ya Kameruni ikasema ni habari ya uongo. Waandishi wa BBC Africa Eye walilinganisha umbo la mlima ulioonekana nyuma na picha za setilaiti, wakapata mahali: karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni. Kisha walipima vivuli vya askari wenyewe, wakakadiria kuwa tendo lilifanyika kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 askari wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Kanuni ya vivuli si ngeni kwa mwanafunzi wa jiografia. Songea iko karibu nyuzi 10 na dakika 41 kusini mwa Ikweta. Simika kijiti chenye urefu wa meta moja katika uwanja wa shule. Tarehe 21 Juni, jua likifika juu kabisa, kivuli chake kitaelekea kusini na kuwa na urefu wa sentimita 68 hivi. Tarehe 21 Desemba kitaelekea kaskazini, nacho hakitazidi sana sentimita 23. (Usingoje saa 6 kamili mchana. Saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45, na kwa kuwa Songea iko magharibi yake, jua hufika juu kabisa yapata saa 6 na dakika 37.) Ikiwa picha inayodaiwa kupigwa Songea mchana wa Juni inaonyesha vivuli vifupi vinavyoelekea kaskazini, madai hayo hayawezi kuwa kweli.

Mitandao yenyewe haitegemeki siku zote. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa. Mwandishi asiyekuwa na namba za simu za watu wake alibaki bila chanzo cha habari.

Kivuli nacho kina upungufu wake. Jua hupita mahali pamoja angani mara mbili kwa mwaka: huko Songea huwa utosini karibu na tarehe 21 Februari na tena 21 Oktoba, wala kivuli hakisemi ni lini kati ya hizo mbili. Hapo mwandishi hutazama mashamba. Mwezi Februari mahindi ya Ruvuma ni mabichi; mwezi Oktoba shamba ni udongo mkavu unaongoja mvua.