Kujikuna kwa Mbwa ni Dalili: Fahamu Chanzo Kabla ya Kutumia Dawa

Na Mwandishi Wetu

Mbwa kujikuna mara moja moja ni jambo la kawaida. Lakini anapojikuna mchana na usiku, akajing'ata na kujilamba hadi manyoya yakanyonyoka na ngozi ikatoka vidonda, hiyo ni dalili ya ugonjwa unaohitaji tiba. Baadhi ya wafugaji hukimbilia kumpaka oili chafu ya gari au kumwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, na hapo tatizo dogo hugeuka kuwa hatari kwa mbwa na kwa familia.

Kujikuna husababishwa na mambo mengi, na kila moja lina tiba yake. Chanzo kinachoonekana zaidi ni viroboto, ambao hupenda kukaa mgongoni karibu na mkia. Ili kuwatambua, chana manyoya ya mbwa juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Chembe nyeusi zinazodondoka zikiacha rangi ya wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto chenye damu. Viroboto walio mwilini ni sehemu ndogo tu ya waliopo, kwa kuwa mayai na viluwiluwi vyao hukua kwenye matandiko, nyufa za sakafu na vumbi la banda. Kumtibu mbwa bila kusafisha banda ni kazi isiyokwisha.

Chanzo cha pili ni ukurutu, unaoletwa na wadudu wadogo mno wanaochimba ndani ya ngozi. Huanzia mara nyingi kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, na muwasho wake ni mkali. Ukurutu huu huambukiza mbwa wengine kwa kugusana, na binadamu anayembeba au kulala karibu na mbwa huyo anaweza kupata vipele vinavyowasha. Choa nacho, ambacho ni ugonjwa wa fangasi, huenea kutoka kwa mbwa kwenda kwa watoto. Kwa sababu hiyo, vipele vikitokea kwa wanafamilia wakati mbwa anajikuna, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo na mgonjwa apelekwe kituo cha afya, na kila mhudumu aelezwe hali ya upande wa pili.

Vyanzo vingine ni kupe, chawa, mzio wa chakula au vumbi, na vidonda vilivyoingiwa na bakteria. Baadhi ya hivi hufanana kwa macho. Daktari hukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini ili kupata jibu.

Wananchi wanashauriwa kuepuka mambo yafuatayo:

Kwanza, oili chafu. Haitibu ukurutu, huunguza ngozi, na mbwa anapojilamba humeza sumu inayodhuru ini na figo.

Pili, dawa za josho na viuatilifu vya mashambani. Mbwa aliyedhurika nazo huweza kutokwa na mate mengi, kutetemeka, kulegea au kupata degedege, na anaweza kufa.

Tatu, sindano ya ng'ombe kwa kukadiria. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mnyama. Kosa dogo kwa mbwa wa kilo 10 ni kipimo kikubwa mno. Baadhi ya mbwa, hasa wa jamii ya koli, hudhurika hata kwa kiasi kidogo.

Nne, dawa za kutuliza muwasho bila uchunguzi. Nyingine hupunguza kinga ya mwili, na ukurutu huendelea kuenea huku mbwa akionekana amepata nafuu.

Tano, kumpaka paka dawa ya viroboto ya mbwa. Baadhi ya dawa hizo huua paka.

Tiba ya ukurutu huchukua wiki kadhaa, na mbwa wote wa kaya hutibiwa kwa pamoja. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na banda lifagiliwe mara kwa mara.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mmiliki kumtunza mnyama wake na kumwepusha na mateso. Kumfukuza mbwa mwenye ukurutu si suluhisho, kwani huko mitaani atawaambukiza wengine. Mfugaji awasiliane na ofisa mifugo wa kata au kijiji chake mapema, ngozi ikiwa bado haijaharibika.