Risasi Inavyogeuzwa Kuwa Miale ya Ioni

Mashine za kuongeza kasi ya chembe hazina nguvu juu ya atomu iliyo kamili. Haina chaji, na umeme hauna pa kuishika. Lazima kwanza ipokonywe elektroni, iwe ioni. Gesi haisumbui, kwani atomu zake tayari zinaelea huru. Metali ndiyo yenye kazi: atomu zake zimeshikana, na haziachani mpaka igeuzwe mvuke.

Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, metali hiyo ni risasi. Kipande kidogo cha isotopu ya risasi-208 hutiwa katika tanuri dogo ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kikapashwa moto hadi mamia ya nyuzi za Selsiasi. Ufundi wote uko hapa. Joto likipungua, mwale hufifia. Likizidi, mvuke hufurika, plazima (gesi ya ioni na elektroni) inayoupokea huyumba, na metali ya thamani huisha kabla ya wakati.

Mvuke huingia katika plazima ya oksijeni iliyozuiliwa na sumaku. Humo elektroni huzunguka, na mawimbi maikro ya gigahezi 14.5 huenda sambamba na mzunguko huo, yakiziongezea nishati kila mara. Elektroni hizo zikigonga atomu ya risasi, huing'oa elektroni zake moja baada ya nyingine. Mbinu hii iliendelezwa Grenoble, Ufaransa, na Richard Geller na wenzake miaka ya 1970. Ioni zilizopoteza elektroni 29 huchaguliwa kwa sumaku na kuongezwa kasi. Njiani hupenya karatasi nyembamba mno za kaboni na alumini, zinazozivua elektroni zilizosalia hadi kiini kibaki na chaji zake 82. Tangu Novemba 2010 viini hivyo vimegonganishwa katika mashine ya duara yenye mzingo wa kilomita 27.

Atomu nyingi haziufikii mwale kamwe. Hunasa kwenye kuta baridi za chumba cha plazima. Hasara hiyo haivumiliki kwa kalsiamu-48, ambayo ni chini ya asilimia 0.2 ya kalsiamu ya asili. Huko Dubna, Urusi, ilikotumika kuunda elementi za 114 hadi 118, chumba cha plazima huwekewa ukuta wa ndani wa tantali. Ukuta huo hupata moto, na atomu zinazotua juu yake huvukizwa upya.

Chuma huhitaji joto kubwa zaidi. Njia mojawapo ya kukwepa tanuri ni kutumia feroseni, kampaundi yenye chuma inayotoa mvuke katika utupu bila kupashwa moto. Tatizo ni kaboni yake, ambayo hutanda kwenye kuta za chumba na kuidhoofisha miale.