Mawazo Yakizidi Wiki Mbili, Muone Daktari

Ndugu msomaji wa Mansfield na miji ya jirani, kubeba maboksi shifti mbili huku nyumbani wakisubiri pesa kunachosha. Uchovu wa kawaida huisha ukipumzika. Msongo unaohitaji mtaalamu hauishi hata siku ya ofu.

Jiulize: kwa wiki mbili au zaidi umekosa usingizi au hamu ya kula? Unakwepa simu za ndugu? Unawakaripia watoto bila sababu? Hulali bila pombe? Kama ndiyo, na kazi au ndoa inayumba, anza na daktari wako wa kawaida. Mweleze yote, hata kichwa kuuma na moyo kwenda mbio.

Huna bima? Sehemu kubwa ya Mansfield iko kaunti ya Tarrant, yenye huduma ya afya ya akili iitwayo MHMR. Uliza malipo kulingana na kipato.

Ukiwaza kujiua, usingoje wiki mbili: piga 988, saa 24, bure. Namba hiyo ilianza 2022. Omba mkalimani wa Kiswahili.

Kutafuta msaada si wazimu. Mficha maradhi, kilio humfichua.