Kamera ya Utumbo: Muulize Daktari Haya Maswali 4 Kabla Mzae Wako Apimwe

Maze, unamkumbuka Chadwick Boseman wa Black Panther? Alituacha Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka mmoja kabla, Julai 2019, Kenya ilimpoteza Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akiwa na miaka 41. Wote wawili, kansa ya utumbo mpana.

Kenye inauma ni kwamba hii kansa mara nyingi huanza pole pole. Kinyama kidogo kinaitwa polipu huota ndani ya utumbo, na kinaweza kuchukua hata miaka 10 kugeuka kansa. Hapo ndipo kolonoskopi inaingia: mrija wenye kamera unapitishwa kutoka nyuma, daktari akiona polipu anaikata hapo hapo.

Lakini skiza, kamera haijiendeshi. Polipu ikirukwa, mzae anarudi nyumbani akijua yuko fiti, kumbe balaa bado iko ndani. Ndio maana kazi ya daktari pia hupimwa. Uliza hivi, kwa heshima:

1. "Daktari, kwa watu 100, wangapi huwapata na adenoma?"
Adenoma ni ile polipu inaweza kugeuka kansa. Mwongozo wa Marekani wa 2024 unataka angalau watu 35 kwa kila 100 wenye miaka 45 kwenda juu. Hii ndio namba ya maana zaidi: utafiti wa California wa 2014, vipimo zaidi ya 300,000, ulionyesha daktari akipanda asilimia 1 hapa, hatari ya wagonjwa wake kupata kansa baadaye inashuka asilimia 3.

2. "Huwa unafika mwisho?"
Mwisho ni pale karibu na kidole tumbo. Lengo ni mara 95 kwa 100. Itisha picha ya hapo.

3. "Ukirudisha kamera unachukua dakika ngapi?"
Kuta za utumbo hukaguliwa vizuri wakati wa kurudi. Zamani lengo lilikuwa dakika 6, saa hii ni 8 kwa wastani. Mwenye haraka hurukia vitu.

4. "Tusafishe tumbo vipi?"
Hii sasa ni kazi yenu. Tuseme mzae anaishi Ganda na ametumwa Mombasa asubuhi. Dawa ya kuharisha kwa kawaida hunywewa nusu jioni, nusu alfajiri. Sasa fikiria amekaa na hiyo dawa kwa matatu kutoka Malindi, kilomita kama 120! Ataogopa, ataacha nusu, na kamera itaona uchafu tu. Alale kwa shangazi Mombasa usiku huo. Mahamri na mbaazi zingoje, siku moja kabla ni strungi na maji. Na umsindikize, juu dawa ya usingizi humwacha mtu akiyumba.

Usiogope kuuliza. Daktari anayejua kazi yake hatakasirika. Mwenye hajawahi kuhesabu, utajua pia.

Na wewe je? Marekani ilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Kama mzazi au ndugu yako aliugua hii kansa, unaanza mapema zaidi. Na ukiona damu kwa choo, usingoje birthday yoyote. Usijiambie ni pilipili. Enda hosi wiki hii.