Umeme wa Mashine ya Kupumulia Katika Kambi za Kurinia Asali

Mwanachama wa chama cha wafuga nyuki aendapo porini kurina asali hukaa huko siku nyingi, akilala kambini pamoja na wenziwe mbali na nguzo za umeme. Kwa walio wengi jambo hilo halina uzito, kwani moto wa kuni na tochi huwatosha. Lakini wapo wachache ambao daktari amewaagiza walale na mashine ya kupumulia kila usiku. Kwao swali la umeme ndilo linaloamua kama watakwenda kambini, au watabaki nyumbani na kukosa pato la msimu. Vivyo hivyo kwa wavuvi wanaohamia dago, na kwa makarani wanaolala penye vituo vya kununulia mazao.

Ugonjwa wenyewe ni wa kukatika pumzi usingizini. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea; kwa mgonjwa hulegea kupita kiasi hata njia ya hewa ikaziba. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mwili hushtuka, mtu huvuta hewa kwa kishindo na kuendelea kukoroma. Kwa mgonjwa aliyezidiwa mambo haya hutokea mara 30 au zaidi katika kila saa moja, naye asubuhi huamka amechoka bila kujua sababu. Ugonjwa huu huandamana pia na shinikizo la damu.

Dawa yake kubwa si kidonge bali ni hewa. Mwaka 1981 Dakta Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia ya kusukuma hewa puani kwa nguvu ndogo isiyokoma, ili koo lisizibe. Mashine za leo hufuata njia hiyo hiyo: feni ndogo, mpira wa kupitishia hewa, na barakoa inayofungwa usoni. Kiasi cha msukumo hupangwa na daktari, wala hakibadilishwi kwa kubahatisha.

Wako wanaodhani kwamba kuiacha mashine nyumbani kwa siku kumi hakudhuru. Yafaa ikumbukwe mrina asali hufanya kazi gani. Hupanda mti mrefu, aghalabu usiku, akishika moshi kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine. Asiyepata usingizi wa kweli kwa siku kadhaa husinzia bila kutaka, na juu ya mti si mahali pa kusinzia. Dereva wa trekta au gari la kubeba madumu naye yumo katika hatari iyo hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nyuma ya mashine, au juu ya chaja yake, huwa pana kibandiko. Mathalani kibandiko kikionyesha volti 24 na ampea 3.75, maana yake ni wati 90. Anayenunua betri kwa kufuata wati hizo kwa muda wa saa 8 atapata wati-saa 720, naye atakata tamaa au atanunua betri kubwa isiyobebeka. Lakini wati 90 ni uwezo wa juu kabisa wa chaja, si matumizi ya kila saa. Feni peke yake, kwa msukumo wa kadiri, hutumia wati zipatazo 10 tu. Usiku mzima wa saa 8 basi ni wati-saa 80.

Kinachokula umeme ni joto. Mashine nyingi zina kibakuli cha maji kinachopashwa moto ili hewa isikaushe pua, na nyingine zina mpira wenye waya wa joto ndani yake. Vitu hivyo vikiwashwa, matumizi yaweza kupanda hadi wati 40 na zaidi, yaani wati-saa 320 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mtu wa kambini ni kuzima joto. Pua ikikauka sana, maji yaweza kuachwa kibakulini bila kupashwa moto. Hayo nayo husaidia kidogo.

Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 50, ina wati-saa 600 kwa hesabu ya kitabuni. Haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa sababu betri ya namna hiyo ikikaushwa mara kwa mara hufa mapema. Zinabaki wati-saa 300, ambazo kwa mashine isiyo na joto ni usiku mitatu, na kwa mashine yenye joto hazitoshi hata usiku mmoja. Betri ya gari haifai kabisa kwa kazi hii: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini, si kutoa nguvu ndogo usiku kucha. Inunuliwe betri ya sola. Zile za lithiamu zina bei kubwa, lakini ya ukubwa uo huo huweza kutumiwa sehemu nane katika kumi, na uzito wake haufikii nusu ya ile ya asidi. Kwa mtu anayebeba mzigo kwa baiskeli, tofauti hiyo si ndogo.

Inveta iepukwe iwezekanapo. Kazi yake ni kugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani, kisha chaja ya mashine huugeuza tena urudi kama ulivyokuwa. Na kila ugeuzaji hula sehemu yake. Watengenezaji wengi huuza waya maalumu wa kuunganisha mashine moja kwa moja na betri. Mashine ya volti 24 huhitaji kifaa cha kupandisha volti kutoka 12. Pasipo na njia ila inveta, itafutwe ile inayotoa mawimbi laini, si zile za bei ya chini. Fyuzi iwekwe karibu na ncha ya chanya ya betri, wala isirukwe kwa kipande cha waya, kama watu wapendavyo kufanya.

Paneli ya sola ya wati 50, wakati wa kiangazi, ikipata jua kamili kwa kadiri ya saa 5 hutoa wati-saa 250. Tukiondoa upotevu, zinazoingia betrini hupata 170 hivi, nazo zarudisha matumizi ya usiku mmoja na ziada. Siku ya mawingu mazito matumaini hayo yapunguzwe hadi robo. Kidhibiti chaji ni lazima, nacho kipangwe kwa aina ya betri iliyopo. Betri ya asidi isichajiwe ndani ya hema, maana hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Adui mkubwa wa mpango huu si mawingu bali ni simu. Betri ikionekana kambini, kila mtu huja na waya wake. Simu moja kubwa hula wati-saa 15 hadi 20. Simu tano zimekwisha kula pumzi ya mgonjwa ya usiku mmoja. Kiongozi wa kambi hana budi kutangaza siku ya kwanza kwamba betri hiyo ni ya dawa. Mashine nayo iwekwe mbali na moto, kwani huvuta moshi, na chujio lake lisafishwe mara nyingi kuliko nyumbani.

Kabla ya safari, mgonjwa alale nyumbani na betri hiyo usiku mmoja kama atakavyolala porini. Asubuhi, betri ya asidi ikiisha kupumzika saa chache, ipimwe: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 imefika nusu. Umeme ukikatika usiku kambini, barakoa ivuliwe mara moja, na mtu alale ubavu, kichwa kikiinuliwa. Wanzuki na pombe nyingine, usiku kama huo, ziachwe kabisa, kwani hulegeza koo zaidi.

Chama kinachonunua betri na paneli kwa ajili ya kambi kiviandike katika daftari la mali, pamoja na jina la aliyekabidhiwa na tarehe ya kurudisha. Msimu ukiisha, betri ya asidi ihifadhiwe ikiwa imejaa na ichajiwe tena kila mwezi au miezi miwili; ikiachwa tupu ghalani hadi msimu ujao, haitafaa tena.