Yaya Akienda Kwao Krismasi

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, barabara ya Jinja kwenda Iganga inapopita Bugembe hujaa watu wenye mabegi na kuku. Nauli ya taksi hupanda, na utingo anajua abiria hana ujanja: lazima mkesha wa Krismasi umkute kwao. Miongoni mwao wamo mayaya, wapishi na walinzi wa nyumba, wanaorudi Kamuli, Namutumba, Pallisa na hata Mbale. Kwenye nyumba za waajiri wamebaki kina mama wanaojiuliza swali moja tu: atarudi?

Hofu hiyo ndiyo inayoharibu bonasi ya Krismasi. Wapo waajiri wanaozuia nusu ya mshahara wa Desemba: "Nyingine utaikuta Januari." Wengine huchukua malimbikizo ya tangu Oktoba, wakayatia kwenye bahasha, wakaongeza kilo mbili za sukari ya Kakira, kisha wakataka washukuriwe. Hilo ni deni limelipwa, tena kwa kuchelewa. Na binti aliyekwisha kata shauri kutorudi hazuiliki kwa nusu mshahara. Atauhesabu kuwa umeliwa, basi.

Kisheria, hakuna anayelazimika kutoa bonasi Uganda. Hata kima cha chini cha mshahara ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, pesa ambayo leo haimfikishi mtu Mbale. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais Museveni akakataa kuutia saini. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo, siku 7 kwa kila miezi 4, yaani 21 kwa mwaka. Kwa hiyo yaya aliyekaa mwaka mzima akaenda kwao wiki mbili hajafanyiwa hisani yoyote, na siku hizo hazikatwi kwenye mshahara. Ufilipino wamekwenda mbali zaidi: tangu sheria yao ya mwaka 2013, mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya mshahara wa 13 kwa mwaka.

Kwangu mimi, mshahara wa mwezi mmoja ndio kipimo cha haki. Najua atakayenijibu: mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, ambaye mwenyewe hupata takribani shilingi 500,000 kabla ya makato. Mwambie atoe mishahara miwili kwa mpigo Desemba, huku ada za watoto zikimngoja muhula ukifunguliwa, atakuuliza kama unamtakia mema. Ndiyo maana bonasi haipangwi Desemba. Tuseme yaya analipwa 120,000. Ukiweka 10,000 kila mwezi kwenye simu, mwaka ukiisha unayo. Aliyeanza kazi Julai anastahili 60,000. Na kama mwaka umekuwa mgumu, mwambie mapema kwamba mwaka huu ni nusu, naye apange safari yake akijua. Nguo kuukuu mpe ukipenda, ila usizitie kwenye hesabu.

Mlinzi anayelinda nyumba tatu, nyumba hizo zichangishane. Anayesahauliwa ni mama wa kufua anayekuja mara mbili kwa wiki, labda kwa kuwa anaishi hapa hapa Bugembe na hana safari ya kuaga. Ujira wa wiki moja juu ya ule wake si mwingi. Mwislamu naye aulizwe; huenda pesa hiyo akaihitaji Iddi kuliko Desemba, na huku kwetu Busoga kuna Waislamu wengi wa kuulizwa.

Nauli haimo ndani ya bonasi. Ya kwenda mpe mkononi siku anayoondoka, pamoja na mshahara kamili. Ya kurudi mtumie kwa simu mnapokubaliana siku ya kurudi, na usisahau ya kutolea, maana serikali nayo hukata asilimia 0.5 kwa kila pesa inayotolewa.